Nyumba Isiyo na Ngano

Siku ile jiko la nyumba ya fundi majalada halikuwashwa, na hivyo ndivyo mtaa ulivyojua. Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, moshi wa jiko lile ulizoea kupanda juu ya ukuta wa ua kama mtu anayenyoosha mgongo, na majirani wakisema, mama ameshaingia kazini. Siku ile ukuta ulibaki mtupu. Mama alikuwa ameanguka akianika nguo, na walipomfikisha hospitali hapakuwa na la kufanya. Moyo, walisema. Moyo ulisimama bila kuaga.

Nguo alizoanika zilibaki kambani mpaka zikakauka, zikalowa umande, zikakauka tena. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuzianua.

Watu walijaa uani. Waliokuja na mikate walileta mikate, waliokuja na biskuti walileta biskuti, maana msiba hauendewi mikono mitupu. Binti wa nyumba aliketi kwenye kizingiti cha jikoni. Mama yake alimbandika jina la Chiriku, kwa sababu aliongea kabla ya kuota meno na tangu hapo hakunyamaza. Siku ile alinyamaza. Kila sahani iliyompitia aliitikisia kichwa.

"Kula, mwanangu," jirani mmoja alimsihi. "Huzuni haishibishi."

"Siwezi, bibi. Ngano inaniumiza."

"Leo ni siku ya msiba. Kipande kidogo hakiui mtu."

Fundi alilisikia neno hilo kutoka alikokaa na wanaume wenzake. Chiriku alizaliwa na ugonjwa ambao madaktari huuita siliaki. Chembe ya ngano au shayiri ikifika tumboni mwake, mwili hujigeukia wenyewe na kuukwaruza utumbo mpaka ushindwe kufyonza chakula. Mama yake ndiye aliyehangaika naye hospitali miaka ile ya mwanzo, akajifunza kila kitu. Fundi alijua sheria moja tu, kwamba mtoto hali ngano. Yaliyobaki yalikuwa ya mkewe, na jikoni mwa mkewe mtu aliingia kwa kualikwa.

"Jikoni ni kwangu, karakana ni kwako," mkewe alikuwa akimwambia akimzuia mlangoni. "Jirani mwema huheshimu mpaka."

Fundi akainuka mbele za watu wote, akavuka ua, akaingia jikoni asikoalikwa. Akawasha jiko. Akapika wali kwa mara ya kwanza tangu aoe. Mashemeji walitazamana. Dada mdogo wa marehemu, msusi mwenye ulimi wa wembe, alisimama mlangoni akichungulia sufuria.

"Shemeji, huu ni wali au saruji?"

"Ni wali wa mwanangu," fundi akajibu bila kugeuka. "Chini umeungua, juu mbichi, katikati ndipo pa kula. Lakini ngano haimo."

Chiriku akala wote, mpaka ukoko.

"Kuanzia leo," fundi akasema, na wote wakamsikia, "ngano haipiti mlango wa nyumba hii. Na mtoto huyu halishwi na mwingine ila mimi."

*

Mtu akiahidi mbele ya waombolezaji ameahidi mbele ya mtaa mzima. Fundi alijifunza kupika kama alivyojifunza kushona vitabu utotoni, kwa kukosea na kurudia. Alinunua mchele usiochambuliwa, akauchambua punje kwa punje akiwa amevaa miwani ile ile aliyoitumia kutunga uzi kwenye sindano. Viazi, maharage, mayai, samaki, mboga. Mwezi haukuisha kabla wali haujaacha kuungua. Majirani wakawa wanasema, mwone yule, mkono wa majalada umekuwa mkono wa mapishi, na yeye akajifanya hasikii huku akitembea wima zaidi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani. Mezani palikuwa na kibano cha mbao, kisu, sindano, kipande cha mfupa cha kulainishia mikunjo, na sufuria yake nyeusi ya gundi. Gundi ile aliipika mwenyewe kama baba yake alivyoipika, unga laini mweupe na maji, moto mdogo, na chembe ya shabu iliyopondwa ili isichache. Hakuamini gundi ya mkebe. "Kitabu nilichokifunga mimi," alipenda kusema, "ukikirusha kutoka ghorofani, mwonee huruma aliye chini. Kitabu hakitadhurika."

Kulikuwa na jambo moja katika ndoa yake lililokuwa likimchoma, na hakupata kulisema. Mkewe hakutaka binti aingie karakana. Chiriku akisogea tu mlangoni, sauti ilitoka jikoni, "Masomo kwanza!" Na fundi mwenyewe, kila jioni, hakuruhusiwa kuvuka ua mpaka aache aproni msumarini, anawe hadi viwikoni bombani, abadili shati. Alinawa. Lakini moyoni alijiambia, mke wangu anaionea haya kazi yangu. Anataka daktari, hataki fundi.

Sasa hapakuwa na sauti ya kutoka jikoni. Chiriku aliporudi shule na kukuta nyumba kimya, alikwenda pasipo na kimya, akaketi kwenye kigoda mkabala na baba yake.

"Baba, nipe kazi. Nikikaa bure nalia."

Fundi akampa. Alikuwa amepata kazi kubwa ya mahakama, madaftari ya kumbukumbu yaliyoliwa na mende na unyevu, ya kufumuliwa, kupangwa upya na kufungwa. Alimfundisha kukunja karatasi kwa mfupa, kupaka gundi mgongoni mwa kitabu kwa brashi isiyo na haraka, kisha kuhakikisha kwamba hakuna ukurasa ulioruka.

"Lowesha ncha ya kidole kwa ulimi. Hivi. Funua. Lowesha. Funua. Babu yako alinifundisha hivyo hivyo. Kidole kikavu hufunua kurasa mbili kama mwizi."

Chiriku akalowesha, akafunua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mdomo wake ukafunguka tena.

"Baba, huyu aliyeshtakiwa hapa alimwibia jirani bata. Bata mmoja, kurasa ishirini!"

"Sisi hatusomi, tunafunga."

"Nafunga huku nasoma. Halafu huyo bata walimla, baba. Ushahidi wakaula!"

Fundi alicheka mpaka akaondoa miwani kufuta macho. Karani wa mahakama alipokuja kukagua, fundi alimwonyesha daftari moja na kusema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Hilo ni la binti yangu." Karani akaligeuza, akalivuta mgongo, asione dosari. Siku hiyo fundi alimkumbuka mkewe kwa namna nyingine, kwa kutaka kumwambia: umeona? Umeona mikono yake?

*

Ugonjwa ulirudi taratibu, kama mdai anayechungulia kwanza kama uko nyumbani. Kwanza tumbo kujaa. Kisha vidonda vya mdomo. Kisha Chiriku akawa anasinzia darasani, sketi ikamlegea kiunoni, akaikaza kwa pini, kisha pini mbili. Msusi alimwona Jumapili moja akapiga ukelele.

"Shemeji! Unampa nini huyu mtoto?"

"Nampa alichokuwa akipewa na mama yake."

"Mama yake hakumfanya ufito. Sema ukweli. Siku ukichoka unanunua mkate, si ndiyo? Mwanamume peke yake, nani atakulaumu? Sema tu."

Fundi aliweka mwiko chini. "Shemeji, mimi sijamlisha mwanangu hata chembe. Fungua kabati. Fungua mitungi yote. Ukikuta ngano, mchukue."

Msusi alifungua. Alinusa, akaonja, akamulika kwa tochi ya simu. Hakukuta kitu, na kutokukuta kukamkasirisha zaidi.

Hospitali walimtoa damu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza akitazama mtu na si karatasi. "Baba," alisema, "damu inasema anakula ngano. Mara kwa mara."

"Haiwezekani."

"Naomba utoke kidogo, nizungumze naye peke yake."

Fundi alikaa kwenye benchi la nje, kofia magotini, akijua anachoulizwa mtoto ndani. Watu waliopita walimwona mzee anayesubiri. Yeye alijiona mshtakiwa. Mlango ulipofunguliwa, Chiriku alitoka na macho mekundu. "Nimemwambia baba yangu haongopi," alisema. "Nimemwambia mara tatu."

Daktari hakuomba radhi, ila alibadili sauti. "Basi tuitafute. Ngano hujificha. Kwenye mashine za kusagia, kwenye viungo, kwenye michuzi ya chupa, hata kwenye vidonge. Mama yake alikuwa akiitafutia wapi?"

"Hakuniambia, daktari. Hakuna aliyejua kwamba atakwenda."

Fundi akaanza msako. Alimwendea mwenye mashine ya kusaga mahindi akamkuta amejaa vumbi mpaka kope.

"Kabla ya mahindi yangu husaga nini?"

"Chochote kinachokuja, fundi. Mahindi, mtama, ngano. Mashine haichagui dini."

"Na mke wangu alikuwa akija saa ngapi?"

Mwenye mashine akafikiri. "Mkeo? Mkeo hakuwahi kusaga hapa. Alikuja kununua mahindi mazima, akienda zake kuyatwanga. Nilimwita bahili, Mungu anisamehe."

Unga wote ukamwagwa. Akaenda kwa muuza viungo, akasimama mbele ya vilima vya rangi ya machungwa na manjano, akauliza mbele ya wateja kama bizari ile ina kitu kingine. Muuzaji alikasirika, kisha akatazama huku na huku, kisha akamvuta pembeni. "Kidogo tu, mzee wangu. Unga wa ngano kidogo, iongezeke uzito. Kila mtu hufanya."

Fundi hakumpiga. Hilo lenyewe alilihesabu kuwa ushindi. Alirudi nyumbani anatembea kama askari, akamwaga mtungi wa bizari mtaroni, akampigia msusi simu. "Nimempata mwizi. Alikuwa kwenye bizari. Umenisikia? Bizari!"

"Nimesikia. Tuone."

Wakaona. Wiki zilipita, chakula kikawa cheupe kama cha wagonjwa, chumvi tu, na Chiriku akaendelea kukonda. Siku alipoanguka mstarini shuleni, msusi hakubishana tena. Alikuja na begi tupu.

"Mtoto atakaa kwangu."

"Shemeji..."

"Ulisema nikikuta ngano nimchukue. Sijaikuta, lakini yeye imemkuta. Nisimchukue?"

Chiriku alishika ukingo wa kigoda chake. "Mama mdogo, tumebakiza madaftari machache tu."

"Madaftari hayana tumbo. Twende."

*

Kwa msusi, Chiriku alipona. Hilo ndilo lililomuumiza fundi kuliko msiba. Msusi hakuwa mpishi. Alichemsha viazi na mayai kati ya mteja na mteja, mara nyingine alisahau chumvi. Na mtoto akarudiwa na rangi. Fundi alifurahi, na kila alipofurahi alihisi kofi. Wiki tatu baadaye Chiriku alikuja nyumbani kumsalimu mwisho wa wiki. Walikula wali mweupe na samaki, wakakaa karakana wakafunga madaftari mawili, wakacheka. Jumatatu mtoto alikuwa kitandani akishika tumbo.

"Si chakula, ni nyumba yako," msusi alisema kwenye simu, bila ukali sasa, na ule upole ulikuwa mbaya zaidi. "Shemeji, kuna kitu nyumbani kwako."

Mtaani walianza kunong'ona kuhusu vitu vinavyozikwa chini ya vizingiti. Fundi hakuwasikiliza. Alikwenda hospitali peke yake, akaketi mbele ya daktari yule kijana.

"Nimekuja bila mgonjwa. Mgonjwa ni mimi, sielewi. Nimefuta bizari, nimefuta unga, sufuria nimenunua mpya. Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Hii ngano inamdhuru kwa kitu gani hasa?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Umewahi kuona unga wa ngano ukikandwa? Unavyovutika kama mpira na kunata vidoleni? Unga wa mchele hauwezi hivyo. Ile protini inayoufanya uvutike ndiyo inayomdhuru. Popote ulipo unga huo, baba, hata pale ambapo hakuna mtu anayeuita chakula. Mimi siulizi tu kinachoingia kwenye sahani yake. Nauliza kinachofika mdomoni."

Fundi alitazama mikono yake iliyolala mezani. Ndani ya kucha, kama miaka yote, palikuwa na ukoko mweupe.

Kisha aliinyoosha mikono ile juu ya meza, viganja chini, kama mtoto anayekaguliwa usafi.

"Mimi ni fundi majalada," alisema. "Hii ni gundi yangu. Naipika kwa unga wa ngano. Lipo gunia zima chini ya meza yangu. Niliuapia mtaa kwamba ngano haivuki mlango wangu, na kila mwezi nililivusha mwenyewe begani. Sikuona ngano, daktari. Niliona kazi."

"Na binti?"

"Binti anafunua kurasa nilizopaka. Kwa kidole. Analowesha kwa ulimi. Nimemfundisha mimi."

Daktari alisogeza kiti chake karibu. "Hukumlisha," alisema. "Lakini amekula. Sasa umeipata, baba. Wengi hawaipati."

*

Angeweza kumwambia msusi kwa simu. Hakutaka. Aliyemshtaki mbele ya mitungi ya jikoni alistahili kujibiwa ana kwa ana, kwa hiyo fundi aliingia saluni mchana, kofia mkononi, wanawake wamejaa, mmoja nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama amepigwa na radi.

"Shemeji. Nimempata mchawi."

Vichwa vyote viligeuka. Hata redio ilionekana kupunguza sauti.

"Nani?"

"Mimi."

Akaeleza, amesimama, mbele ya wote, bila kuruka kitu. Chiriku, aliyekuwa akifagia nywele nyuma ya pazia, akatoka na ufagio.

"Kwa hiyo sitakuja tena karakana?"

"Hutakuja, mama."

"Basi heri tumbo liniume!"

"Usilirudie neno hilo." Fundi hakupaza sauti. "Si wewe utakayetoka karakana. Ni karakana itakayotoka. Gundi isiyo ngano haishiki. Kunata kwenyewe ndiko kunakokuumiza, daktari amesema. Na kwa gundi ya mkebe sifungi kitabu, wala sitii jina langu juu ya kitabu kitakachofumuka. Kesho namrudishia karani kazi yake. Nitatafuta nyingine. Hata ulinzi."

Mteja mwenye nusu kichwa alivuta pumzi. Msusi akamtazama shemeji yake, yule mtu wa vitabu vya kurushwa ghorofani, akajiona anavua aproni.

"Mnisubiri," aliwaambia wateja. "Au msinisubiri. Chiriku, baki. Shemeji, twende tukaitoe hiyo ngano kwanza."

Walianza na gunia, wakampa mwoka mikate wa kona, aliyedhani wanatania. Kisha wakafunga vitambaa puani, wakapangusa rafu, kuta, kigoda, mpaka taa. Karakana ilipokwisha wakahamia jikoni, maana miezi yote ile fundi alikuwa akivuka ua na aproni yake bila mtu wa kumzuia. Walipolivuta kabati la vyombo kutoka ukutani, kitu kilidondoka chini kwa upande wake.

Kilikuwa kipande cha boksi, kipana kama sinia. Juu yake vilibandikwa vipande vya kitambaa cha majalada, kitambaa cha fundi mwenyewe, masalio yaliyotupwa. Nyuma ya kabati palikuwa pia na kopo lenye wanga mweupe wa muhogo na kijiwe cha shabu, kimekwanguliwa kwa kisu.

"Shabu yangu," fundi akasema.

Shabu ilikuwa ikimpungukia mwaka mzima uliopita. Alilaumu panya. Mkewe alimwambia bila kucheka, "Panya wa siku hizi, mume wangu, wanapenda usafi."

Alichuchumaa na boksi akalisogeza penye mwanga. Alilisoma kama anavyosoma kitabu kilichovunjika, kwa vidole. Kipande cha kwanza kilikuwa kimejikunja na kubanduka: maji mengi. Cha pili kilishika kidogo kikaota ukungu: hakuweka shabu. Cha tatu shabu ilizidi, kitambaa kimekakamaa na kupasuka kilipokunjwa. Cha nne moto uliondolewa mapema, wanga umebaki punje punje. Aliweza kumwona mkewe akikosea, na akikosea mahali pale pale alipokosea yeye akiwa kijana, chini ya jicho la baba yake. Ila yeye alikuwa na wa kumwelekeza.

Akafika cha mwisho. Alikishika pembeni akavuta. Akavuta kwa nguvu. Akabana boksi kwa goti, akavuta kama mtu anayeng'oa jino. Boksi lilichanika. Kitambaa kikatoka na ngozi ya boksi juu yake, na gundi haikuachia.

Msusi alikuwa ameketi sakafuni, mkono mdomoni.

"Shemeji," alisema, "kuna siku nilimwuliza dada kwa nini anamfukuza mtoto karakana. Akaniambia, 'Mume wangu ana kitu kimoja anachojivunia mbele ya watu. Nikimwambia, atakiacha siku hiyo hiyo, ndivyo alivyo. Acha kwanza nipate cha kuweka mahali pake.' Nilidhani anazungumzia masomo. Wallahi nilidhani anazungumzia masomo."

Fundi alikuwa bado ameshika kile kitambaa, akikigeuza. Miaka yote ile ya kunawa hadi viwikoni bombani, alidhani anaoshwa aibu. Alitaka kusema kitu juu ya hilo, akashindwa, akasema lililokuwa karibu na mkono wake.

"Umeona unene wake? Sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hajashika brashi maishani." Akakohoa. "Huyu angekuwa fundi. Angenipita."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu nguo zile zibaki kambani. Msusi alimwacha. Aliokota kopo, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akaliweka mezani taratibu.

*

Karani wa mahakama aliletewa daftari moja la majaribio, na fundi alimweleza wazi kwamba gundi ni nyingine.

"Ya muhogo?" karani akakunja uso. "Mzee, hizi ni kumbukumbu za serikali."

"Livute."

Karani akavuta.

"Vuta kama unalidai."

Karani alivuta mpaka shingo ikatoka mishipa, kisha akalifungua dirisha la ofisi yake, lililokuwa ghorofa ya pili, akachungulia kama chini kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Daftari lilitua uani kwa kishindo kilichowatoa watu ofisini. Fundi alishuka ngazi bila haraka, akaliokota, akalipangusa, akalipandisha. Pembe moja ilikuwa imebonyea. Mgongo ulikuwa mzima.

"Nani amekufundisha hii?" karani akauliza.

"Mke wangu," fundi akasema.

Chiriku alirudi nyumbani na begi lake. Daktari alisema utumbo huchukua miezi kupona, hauharakishwi. Damu ya mara ya pili ilikuwa nzuri, ya tatu nzuri zaidi, na ile pini ya sketi ilirudi kwenye kikopo cha sindano. Kile kipande cha boksi kimetundikwa karakana, juu ya kibano, pasipo maelezo. Mteja akiuliza, Chiriku ndiye anayejibu, na jibu lake ni refu. Kurasa zinafunuliwa kwa kidole kilichochovywa kwenye sifongo yenye maji, ndani ya kisahani. Fundi mwenyewe bado hujisahau na kutoa ulimi, naye hukemewa.

Wanga wa muhogo hununuliwa mwanzo wa mwezi. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, moshi hupanda juu ya ukuta wa ua. Ni Chiriku, anapika gundi.